Kitovu na Katikati: Istilahi ya Uzani katika Njia ya Misafara ya Tabora

Waandishi wa historia wanapoitaja Tabora huiita kitovu cha njia ya misafara. Usemi huu umezoeleka hata haumshangazi mtu. Lakini hebu tuitazame ramani. Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata mapito ya misafara hiyo, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kadiri ya kilomita 1,250, na kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kadiri ya kilomita 840. Basi Tabora haiko katikati ya njia. Msafiri atokaye pwani huifikia akiwa amekwisha maliza theluthi mbili za mwendo. Hata hivyo hakuna aliyepata kulalamika kwamba wanahistoria wamekosea kuiita kitovu. Yeyote ajuaye Kiswahili huelewa mara moja kwamba kitovu cha jambo si lazima kiwe katikati yake kwa kupimwa na kamba. Ni pale ambapo pande zote zinakutana na kutegemeana: njia ya Ujiji upande wa magharibi, njia ya Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, njia ya Ufipa upande wa kusini-magharibi, na njia ya Bagamoyo upande wa mashariki.

Jambo hili ni dogo kwa mwanahistoria, lakini si dogo kwa mtu wa istilahi. Uliwahi kupita mezani petu mswada wa kitabu cha jiometria uliofasiriwa kutoka Kiingereza. Ndani yake, nukta ile ambayo umbo hukaa sawa likiegemezwa juu yake iliitwa “katikati ya umbo”. Kwa mraba na duara hapana madhara. Kwa pembetatu, mwanafunzi mwenye akili timamu atapima urefu wa pembetatu kutoka kitako hadi ncha, ataugawa kwa mbili, atatia alama, na atapata sifuri. Hilo si kosa lake. Neno alilopewa limemwelekeza huko. Kosa la namna hii haliishii katika daftari la mtihani, maana fundi anayepandisha kenchi kwa kamba na mpakiaji wa mkokoteni hulipia kosa lilo hilo kwa mti uliovunjika au kwa mgongo ulioumia.

Nimeichagua njia ya Tabora kuwa mahali pa kulitazama neno hili kwa sababu moja: katika karne ya 19 maelfu ya watu waliishi kwa kujua uzito wa kitu umekaa wapi. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, mji uliokuwa karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani siku 134 tangu waiache pwani. Kila kitu walichokuwa nacho kilikuwa kimebebwa na punda au na binadamu, na sehemu kubwa ilibebwa na binadamu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, na frasila ni kadiri ya kilo 16. Mtu atakayebeba kilo 32 kwa miezi minne hawezi kuubeba mzigo uliokaa upande. Kilo 32 zilizokaa sawa huchosha, na kilo 20 zilizokaa vibaya huua.

Lugha ya pwani ilipokea na kueneza msamiati mpana wa kazi hii. Mpagazi limetokana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua begani. Mtumba, ambalo leo latukumbusha nguo kuukuu, lilikuwa jina la robota la nguo mpya: merikani nyeupe zilizotoka Marekani, na kaniki za buluu. Masango yalikuwa nyaya za shaba. Mpiko ni mti wa kuchukulia mzigo begani. Ngata ni ule mviringo wa kitambaa au majani unaowekwa kichwani chini ya mzigo. Machela ni kitanda cha kuchukulia mgonjwa au mkubwa. Mzegazega tutalirudia hapa chini, kwa kuwa ndilo neno lenye hesabu nyingi zaidi kuliko yote.

Mtumba haukuwa na taabu ya hesabu. Ulifungwa na kukazwa mpaka ukawa mcheduara mrefu, na mcheduara wenye kitu cha namna moja ndani yake una uzito uliokaa katikati kabisa ya urefu wake. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyezoea kubeba begani ilhali mtu wa pwani alizoea kubeba kichwani, aliuweka nusu mbele na nusu nyuma, akaenda. Hapo kitovu na katikati ni mahali pamoja, na hapo ndipo mazoea yetu mabaya yanapopata nguvu. Vitu vingi tunavyovishika kila siku (fimbo, ubao, tofali) ni vya namna ya mtumba.

Taabu ilianza kwa pembe ya ndovu, na pembe ndiyo iliyokuwa shabaha ya biashara yenyewe.

Yafaa tutue kidogo juu ya neno pembe. Kiswahili kimelipa neno hili moja kazi ya kuwa silaha ya ng'ombe, jino la ndovu, kona ya nyumba, na kile kinachopimwa kwa digrii. Tunaposema pembetatu tunasema, kwa asili ya maneno, kitu chenye pembe tatu kama za mnyama. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba jiometria haina mizizi katika lugha hii hajapata kulisikiliza neno la kwanza kabisa analolifundisha.

Turudi kwa jino la ndovu. Ni nene shinani na nyembamba nchani, kwa hiyo jicho husema kuwa uzito wote uko shinani. Lakini shinani ni tupu. Jino lina shimo linaloanza kwenye shina, mahali ambapo ukuta wake ni mwembamba sana, na shimo hilo huzidi kuwa jembamba kadiri linavyoingia ndani, hadi linakwisha. Ncha ni nyembamba, lakini imejaa. Sasa mpagazi aliweke bega lake wapi?

Tulifanye jino kuwa pia iliyonyooka, urefu wake sentimita 180, na shimo lake liwe pia nyingine ya kina cha sentimita 60, yenye kinywa kipana kama shina lote. Kama jino lisingekuwa na shimo, lingekaa sawa likiegemezwa sentimita 45 kutoka shinani, yaani robo ya urefu wake. Shimo huondoa kitu upande wa shinani, na kwa hiyo nukta ya kuegemeza husogea kuelekea nchani. Husogea kiasi gani? Kwa umbo hili kanuni ni nyepesi ajabu: jumlisha urefu wa jino na kina cha shimo, kisha gawanya kwa nne. Yaani 180 na 60 ni 240, na robo yake ni 60. Bega litakaa sentimita 60 kutoka shinani, ambayo ni theluthi ya urefu wote. Meno ya kweli yamepinda na hayafuati mfano huu sawasawa, lakini mfano unatuonyesha njia ambayo mkono wa mpagazi ulikuwa umekwisha ipita zamani.

Kupinda nako kuna maana yake. Jino lililopinda halina uzito wake katika mstari wa mifupa yake, kama naweza kusema hivyo. Nukta ya uzito husogea kuelekea upande wa ndani wa upinde, na jino likiwa limepinda sana nukta hiyo hutoka nje kabisa ya jino, ikakaa hewani. Mpagazi akiliweka jino begani huku ncha na shina vikiinama chini, nukta huwa chini ya bega, na jino hutulia. Akiliweka huku ncha na shina vikitazama juu, nukta huwa juu ya bega, na jino hujigeuza lenyewe. Hakuna mpagazi aliyehitaji kufundishwa jambo hili mara mbili.

Burton, katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 juu ya safari hiyo, anaeleza kuwa jino lilibebwa ncha ikiwa mbele, na kwenye ncha hiyo ilifungwa kengele ya ng'ombe ambayo mlio wake ulitangaza msafara. Nyuma, kwenye mwanzi, mpagazi alifunga vitu vyake mwenyewe: chungu, kibuyu cha maji, mkeka wa kulalia. Kazi ya kengele ilikuwa mlio na kazi ya mwanzi ilikuwa kushika vyombo, lakini uzani hautazami makusudi ya mtu. Tuchukue tarakimu za mfano. Jino la kilo 30 lenye nukta yake sentimita 60 kutoka shinani, likiongezewa vyombo vya kilo 3 shinani, nukta itarudi nyuma hadi kama sentimita 54 na nusu. Likiongezewa tena kengele ya kilo moja nchani, nukta itasogea mbele hadi sentimita 58 na kidogo. Kilo moja ya kengele imeirudisha sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na kilo tatu za vyombo, kwa sababu kengele iko mbali na vyombo viko karibu. Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo: katika uzani, umbali huhesabiwa pamoja na uzito.

Majino makubwa hayakuwezekana kwa mtu mmoja. Meno mawili ya ndovu wa Kilimanjaro, yaliyouzwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo sasa yako London, yana uzito wa karibu kilo 100 kila moja. Jino zito lilifungwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Namna hii ya kuchukua ndiyo mzegazega, na neno hili Burton alilisikia na kuliandika kwa tahajia yake. Lakini mzegazega pia ni jina la jambo jingine: mtu mmoja mwenye mti begani na mizigo miwili, mmoja huku na mmoja huku. Masango yalibebwa hivyo, mizingo ya nyaya ikiwa imefungwa kwenye ncha mbili za mti.

Mtunga kamusi anayeliona neno moja likiwa na maana mbili huandika moja, huandika mbili, na kuendelea na neno linalofuata. Mimi naona hapa lugha imeshika jambo ambalo vitabu vya mekanika hulieleza kwa kurasa nyingi. Maana hizo mbili ni jambo moja lililogeuzwa juu chini. Katika ya kwanza, mzigo mmoja unachukuliwa na mabega mawili. Katika ya pili, bega moja linachukua mizigo miwili. Kanuni ni ile ile. Mtu mwenye masango ya kilo 20 mbele na kilo 12 nyuma, kwenye mti wa sentimita 160, ataweka bega sentimita 60 kutoka kwenye mzigo mzito na sentimita 100 kutoka kwenye mwepesi, kwa kuwa 20 mara 60 ni 1,200, na 12 mara 100 ni 1,200. Na watu wawili wanaochukua mzigo wa kilo 64 kwenye mti huo huo, ukining'inizwa sentimita 60 kutoka kwa wa mbele, watagawana hivi: wa mbele kilo 40, wa nyuma kilo 24. Anayekaribia nukta ya uzito hulemewa.

Hili lilikuwa jambo la haki, si la elimu tu. Jino letu la mfano, likishikwa na watu wawili kwenye ncha zake bila mti, humtwisha wa shinani theluthi mbili za uzito na wa nchani theluthi moja, ingawa ujira wao ni sawa. Dawa yake ni mti. Jino likifungwa kwenye mti kiasi kwamba nukta yake, wala si katikati ya urefu wake, iwe katikati ya mti, kila mmoja atachukua nusu. Asubuhi katika kambi za misafara zilijaa ugomvi wa kuchagua mizigo, na wasafiri wa Kizungu walioandika juu ya ugomvi huo mara nyingi waliuita uvivu. Mtu anayeujua uzani ataona kwamba sehemu ya ugomvi ule ilikuwa hesabu.

Mzigo mashuhuri kuliko yote uliopita Tabora kwa namna ya mti na watu wawili ulikuwa mwili wa David Livingstone. Alikuwa ameondoka Kwihara, jirani na Tabora, mwezi Agosti 1872, akafa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili juani, wakaikunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakauzungushia kalika, wakautia ndani ya gome la mti lililochunwa zima mfano wa mzinga wa nyuki, wakashona turubai juu yake, na kuufunga kwenye mti. Waliufikisha Unyanyembe mwezi Oktoba 1873, ambako walikutana na Verney Lovett Cameron. Mbele ya hapo, Kasekera, kwa kuwa wenyeji wa njiani walikataa maiti kupitishwa katika nchi yao, waliufunga upya ili uonekane kama mtumba wa kawaida, na wakatuma watu wakirudi Unyanyembe na mzigo wa mabua uliofanywa ufanane na maiti. Waliowatazama walidanganyika. Mwanafunzi wa uzani atasema kwamba jicho linadanganywa na umbo la nje, na kwamba aliyejua ukweli ni yule tu aliyekuwa na mti begani mwake.

Sasa tuiulize pembetatu: kwa nini theluthi? Tuichukue kipande cha bati chenye pembe tatu, hata kama pande zake hazilingani. Tukikata bati hilo vipande vyembamba sambamba na kitako, kila kipande kinakaa sawa katikati yake, kama mtumba. Katikati zote hizo ziko kwenye mstari mmoja utokao nchani hadi katikati ya kitako. Kwa hiyo nukta tunayoitafuta iko mahali fulani kwenye mstari huo. Tukikigeuza kitako, tukaanza na upande wa pili na wa tatu, tutapata mistari mingine miwili ya namna hiyo, na nukta lazima iwe juu ya yote mitatu. Kumbe iko pale inapokutana.

Hayo yanatuambia iko wapi bila kutuambia ni umbali gani. Hapo tuulete mzegazega. Tuondoe bati, tuweke mawe matatu yenye uzito sawa, moja kila pembe. Mawe mawili ya kitako hukaa sawa katikati ya kitako, kwa hiyo mawe yote matatu yana nukta yao kwenye mstari utokao hapo hadi kwenye jiwe la tatu. Na kwa kuwa tungeweza kuanza na mawe mawili yoyote, nukta yao iko juu ya mistari yote mitatu, yaani ni ile ile nukta ya bati. Basi imebaki kupima: mawili huku, moja kule, bega litakaa mara mbili karibu zaidi na mawili. Theluthi moja kutoka kitakoni, theluthi mbili kutoka nchani.

Fimbo ina ncha mbili, na nukta yake iko nusu. Pembetatu ina pembe tatu, na nukta yake iko theluthi. Piramidi yenye kitako cha pembetatu ina pembe nne, tatu chini na moja juu, na nukta yake iko robo. Pia hufuata piramidi, kwa sababu vipande vyake hupungua kwa kadiri ile ile kuelekea nchani. Nusu, theluthi, robo: mwalimu akiyaweka haya matatu ubaoni kwa pamoja, mwanafunzi hatayasahau. Na kama shule ina mizani tatu za kuning'iniza, aning'inize ubao wa pembetatu isiyolingana pande, mizani moja kila pembe. Zote tatu zitasoma uzito mmoja. Watu watatu wanaoinua dari la pembetatu, kila mmoja akishika pembe yake, huchukua sawasawa hata kama mmoja amesimama mbali sana na wenzake. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakikataa kuamini jambo hili mpaka mizani ziliposomwa.

Lipo kosa jingine, la hila zaidi kuliko la “katikati”. Wengi hudhani kwamba nukta hii hugawa uzito nusu kwa nusu. La. Tukiikata pembetatu kwa mstari sambamba na kitako unaopita kwenye nukta hiyo, sehemu ya juu itakuwa mafungu 4 na ya chini mafungu 5 kati ya 9. Tukiikata pia vivyo hivyo, ya juu itakuwa mafungu 27 na ya chini 37 kati ya 64. Sehemu ya nchani ni nyepesi, lakini imekaa mbali, kama kengele ya msafara. Kwa hiyo tafsiri kama “nukta ya nusu uzito” haifai hata kidogo, japokuwa niliwahi kuisikia ikipendekezwa na mtu ninayemheshimu.

Wagiriki wa kale waliifikia nukta hii kwa mizani pia. Archimedes wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliithibitisha nukta ya pembetatu kwa njia ya mantiki kali. Lakini katika waraka wake mwingine, aliompelekea Eratosthenes, anakiri kwamba mambo mengi aliyagundua kwanza kwa kuyapima maumbo mawazoni juu ya mzegazega, kama tungesema sisi, ndipo akayatafutia uthibitisho. Waraka huo ulikuwa umefutwa katika karne ya 13 ili ngozi yake iandikiwe kitabu cha sala, na Johan Heiberg akausoma tena mwaka 1906 mjini Constantinople. Elimu hiyo ilipita katika Kiarabu. Al-Khazini wa Marw aliandika Mizani ya Hekima mwaka 1121, na Waarabu waliiita nukta yetu markaz al-thiql. Wafanyabiashara wa Oman waliojenga matembe yao Unyanyembe hawakuja na kitabu cha al-Khazini, lakini walikuja na maneno mizani na frasila, na haya yamekaa kwetu mpaka leo.

Sasa tuyapime maneno yenyewe. Tunayo matano: katikati, kiini, markazi, sentroidi na kitovu.

Katikati limekwisha jihukumu. Kiini lina uzuri wake, lakini kiini cha yai na kiini cha kokwa ni kitu kilichomo ndani, chenye mwili. Ngata inalikataa. Ngata ni mviringo wenye tundu, na nukta yake ya uzani iko ndani ya tundu, mahali pasipo na kitambaa wala jani. Huwezi kusema kwamba kiini cha ngata ni hewa bila kumchekesha mwanafunzi. Jino lililopinda sana linalikataa vivyo hivyo. Markazi halina kosa la maana, isipokuwa kwamba msomaji wa leo hulisikia kuwa jengo la mafunzo ya dini. Sentroidi ni neno tunaloweza kuliazima wakati wowote, na wapo wenzangu wanaoona kuwa mwanafunzi atakutana nalo sekondari hata hivyo. Nawajibu kwamba hilo la Kiingereza nalo limetoka kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki kentron lilikuwa mchokoo wa kuswagia ng'ombe, kisha ncha ya bikari inayochomwa kwenye karatasi. Wao walichukua kifaa cha mchungaji wakakifanya istilahi. Sioni kwa nini sisi tuone haya kuchukua sehemu ya mwili.

Kitovu kina sifa ambayo sikuitarajia. Kitovu cha binadamu hakiko katikati ya kimo chake. Kiko juu kidogo, kadiri ya asilimia 60 kutoka nyayoni. Na nukta ya uzani ya mtu mzima aliyesimama wima iko kadiri ya asilimia 55 hadi 57, yaani vidole vichache tu chini ya kitovu. Kwa hiyo neno hili si sitiari tupu, maana mwili wenyewe umeliweka karibu na mahali pake. Aidha, mtu husema kitovu chake kimezikwa mahali fulani akiwa na maana kwamba huko ndiko kwake, hata kama ameishi mbali maisha yake yote, na hakuna anayelipima neno hilo kwa kilomita. Shuleni tunasema kitovu cha duara tayari.

Pingamizi moja ni la haki. Fizikia inatofautisha nukta tatu, na neno moja halitoshi. Kitovu cha umbo ni cha jiometria, nacho hakijali kama kitu ni pembe au risasi. Kitovu cha tungamo hujali kitu kimetengenezwa kwa nini na kimejaa wapi. Kitovu cha uzito hujali pia mvutano wa dunia. Kwa mtumba wa merikani vyote vitatu ni mahali pamoja. Kwa jino lenye kengele na vyombo, cha umbo la jino ni kimoja na cha tungamo la mzigo mzima ni kingine, kama tulivyoona. Wafasiri wasibadilishane maneno haya kwa ajili ya kupamba sentensi.

Kwa hiyo ningependekeza fasili iandikwe hivi: kitovu cha umbo ni nukta, iwe ndani ya umbo au nje yake, ambayo umbo lenye unene na kitu cha namna moja lingekaa sawa kama lingeegemezwa hapo. Maneno “iwe ndani ya umbo au nje yake” yasifutwe na mhariri anayetafuta ufupi. Neno nukta nalo lisigeuzwe kuwa sehemu. Pembetatu ina nukta nyingine pia, ile ya duara linaloigusa kwa ndani na ile ya duara linalopita kwenye pembe zake tatu, na hizo zitajwe kwa kazi zake: kitovu cha duara la ndani, kitovu cha duara la nje. Mzegazega liingizwe katika orodha ya mekanika pamoja na maana zake zote mbili, likae karibu na wenzo na egemeo.